Orodha ya Waliochimba Bwawa

Nje ya ofisi ya wilaya, Rajasthan,
nina meza, taipureta, chupa ya gundi
na kibao: Maombi, Rufaa, Viapo.
Herufi ya "ra" imekatika mkia tangu mwaka wa mafuriko;
naumalizia kwa kalamu.

Dhapu Bai alikuja Jumanne, viatu mkononi.
"Niandikie. Nataka kuona orodha ya waliochimba bwawa:
majina, siku, na nani aliweka dole gumba."
Nikauliza kwa nini. Sheria haidai sababu,
ila mimi mdaku.
"Nilibeba udongo siku thelathini na sita.
Nimelipwa kumi na moja."

Stempu ya rupia kumi. Siku thelathini za kungoja.
Siri ya mtungi aijuaye ni kata,
na ofisini kata imefungiwa kabatini.

Jibu likaja, mstari mmoja:
*Habari ulizoomba ni faragha ya watu wengine.*

Nikamsomea. Akataka nirudie.
Neno "faragha" lilikuwa geni kwake. Nikamweleza:
ni mlango ambao mtu ana haki ya kuufunga.
Akacheka, kicheko kikavu cha kukwangua sufuria.
"Njoo uone mlango wangu."

Nikaenda. Ukutani, kando ya kizingiti,
serikali imepaka rangi ya njano,
na juu yake, kwa herufi nyeusi zenye kimo cha mbuzi:
SISI NI FAMILIA MASKINI. TUNAPOKEA NGANO YA SERIKALI.
Basi likipita, abiria husoma.
Binti yake, Lichhma, huingilia uani
tangu wenzake darasani wajue kuunga silabi.

"Umaskini wangu ni wa barabara nzima," akasema.
"Bwawa ndilo siri?"

Nilirudi mezani nikaandika rufaa.
Sikuweka maneno makubwa. Niliweka ukuta:
upana wake kwa futi, rangi yake, maandishi yake.
Nikaomba mheshimiwa anijulishe
faragha hupanda basi wapi,
na kwa nini hushuka kabla ya kufika kwa maskini.
Sentensi hiyo niliifuta.
Halafu nikairudisha.

Miezi minne. Kurasa tisa, rupia mbili kila moja.

Tulizisoma uwanjani pa shule
kwa kipaza sauti cha kukodi, kinachokoroma.
Bhura, siku ishirini.
"Nilifanya nane!"
Nathu, siku arobaini.
"Nilikuwa Surat, kiwandani, mwaka mzima!"
Watu wakacheka, wakaanza kuzoea kucheka.
Kisha: Mangilal, mwana wa Hazari,
siku arobaini na mbili, amelipwa zote.
Dole gumba.

Hakuna aliyejibu.
Mangilal alimezwa na vumbi la machimbo ya mawe
miaka mitatu kabla bwawa halijapimwa.

Dhapu Bai akasimama, akavuta ushungi.
"Huyu ni wangu," akasema.
"Alipokuwa hai hakuna aliyempa
siku arobaini na mbili za kazi."
Akaichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho.
"Na dole hili silo. La kwake lilikuwa na kovu."

Katibu alikuwa akitazama viatu vyake.

Kesi imeahirishwa mara sita.
Katibu amehamishiwa kijiji chenye bwawa kubwa zaidi.
Siku ishirini na tano za Dhapu Bai zimelipwa,
bila barua, ndani ya bahasha ya kadi ya harusi.

Lakini orodha iko ukutani pa ofisi ya kijiji,
majina yote, siku zote, kwa rangi ile ile ya njano.
Niliiandika mimi, juu ya ngazi ya kuazima,
na kwenye jina la Hazari
"ra" imepata mkia wake.

Ukuta wa Dhapu Bai aliupaka chokaa mwenyewe, usiku.
Mvua zikinyesha, yale maneno hurudi, hafifu,
na Lichhma huja mezani kwangu
kuazima brashi.